Sahani ya Ukurasa wa Saba

Achieng, Kevo, na wenzenu wote wa mtaa wa Tena mnaokunja karatasi kila Jumamosi, hamjambo? Mliniomba ukurasa mmoja wa kumbukumbu kwa ajili ya toleo lijalo la kijitabu chenu. Ukurasa mmoja mimi huumaliza nikisalimia tu, kwa hiyo nimesema ninavyotaka, na nyinyi mtajua wenyewe mtapunguza wapi. Mikono yangu inatetemeka siku hizi. Rukia, binti yangu, ndiye anayeandika haya kwenye simu yake huku akilalamika kwamba mama yake anasema haraka. Mkiona kosa, ni lake.

Jambo lililonifanya nikubali kuandika ni ukurasa wenu wa tatu. Mlipokuja hapa Njiru mliniachia kurasa zote nizitazame, mkala viazi vyangu vyote, mkaenda zenu. Kurasa nyingine nimezipenda. Wa tatu ndio umechorwa vizuri kuliko zote, na ndio nimeutoa kwenye bahasha nikauweka kando. Kevo aliponiona nimenyamaza aliniambia, "Shosh, usijali, hatujataja jina. Hata sura tumechenji. Hakuna mtu atajua ni yeye." Sikumjibu siku ile. Maneno hayo nimewahi kuyasema mimi, karibu neno kwa neno, nikiwa na ujeuri kuwashinda nyinyi. Leo namjibu, kabla hamjaenda kwa fotokopi.

Kilichomo ukurasa wa tatu sitakitaja hapa, maana haya yatasomwa na watu. Nyinyi mnakijua, na mwenyewe anakijua. Tuuite ukurasa wa tatu, basi.

Kwanza niwaeleze kazi ilivyokuwa, maana mnanichekesha mkijisifu kwamba nyinyi hufanya kila kitu kwa mkono. Mnachora, mnapeleka fotokopi, mnarudi na stepla, mnasema mikono inauma. Poleni! Mimi wakati huo nilikuwa nakaa Pumwani, katika ploti moja ya Majengo, nyumba ya vyumba vya kupanga, na mtoto mmoja mgongoni na baba yake hayupo. Mchana nilichora mabango. Vile vichwa vya wanaume ukutani kwa vinyozi, vyenye nywele zilizonyooka kama meza, vingi vilikuwa vyangu. Nilichora vikombe vya chai vinavyotoa moshi, na kuku anayecheka huku yeye mwenyewe ndiye anayeuzwa. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha. Lakini roho yangu ilikuwa kwenye vijitabu vya katuni.

Kijitabu changu kiliitwa *Dirishani*, kwa sababu katika ploti zetu huhitaji redio, ukisimama dirishani unapata habari zote. Kilikuwa karatasi moja ndefu iliyochapwa upande mmoja, ikakunjwa, ikapasuliwa kidogo katikati, ikawa kurasa nane. Mlipokunja yenu mbele yangu nilifurahi sana kuona mkunjo ni uleule. Sasa mnajua kwamba katika mkunjo huo kurasa za safu ya juu lazima zichorwe miguu juu kichwa chini. Mimi mara moja nilisahau. Nakala zote zikatoka nusu ya hadithi imesimama na nusu imepinduka. Nilitaka kulia. Mzee Kamau akazitazama, akaniuliza hadithi inahusu nini. Nikamwambia inahusu mlevi anayetafuta nyumba yake. Akasema, "Wee Mama Rukia, si basi imeshakubali! Peleka hivyo hivyo." Watu walikigeuza kijitabu juu chini, juu chini, wakasema huyu mama ni fundi kweli. Sikuwasahihisha.

Mzee Kamau nimemtaja kabla sijawajulisha. Alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha uchapaji mjini, na alikaa Shauri Moyo katika chumba kimoja ambamo nusu ilikuwa kitanda na nusu ilikuwa saiklostaili. Hiyo ni mashine ya chuma yenye pipa la wino na mkono wa kuzungushia. Ofisi fulani iliitupa, yeye akaiokota, akaitengeneza, na siku za Jumapili aliifunika kitambaa cheupe cha kudarizi kama vile ni meza ya bwana harusi. Alichapa nyimbo za kwaya na ratiba za mazishi. Mimi nilipomletea vikatuni alivishika kwa ncha za vidole, akavisoma mpaka mwisho bila kucheka, halafu akaniambia nirudi Alhamisi. Nilikuja kujua baadaye kwamba kutocheka ndiko kucheka kwake.

Yeye ndiye aliyenifundisha stensili. Kwenye saiklostaili huchori kwa wino. Unachukua stensili, karatasi nyembamba iliyopakwa nta, unaikwaruza kwa kalamu ya chuma, na pale nta ilipotoka ndipo wino utakapopita. Kalamu ya chuma sikuwa nayo, nilitumia biro iliyokauka. Siri kubwa ya stensili ni kwamba usifunge duara. Ukichora duara kamili, kipande cha katikati kinadondoka na wino unamwagika pale pote. Mimi katika toleo la kwanza nilichora macho ya watu mviringo safi kabisa. Yote yakadondoka. Kila mtu katika kijitabu changu alionekana amepigwa ngumi. Mzee Kamau akauliza, "Hawa watu wako wametoka vitani?" Tangu hapo kila jicho nililolichora nililiacha mwanya mdogo pembeni. Mkiangalia michoro yangu ya hivi majuzi, ingawa siku hizi hakuna nta wala stensili, mwanya bado upo. Mkono umeshazoea.

Ukikosea kwenye stensili kuna dawa ya kuziba. Hatukuwa nayo, nikatumia rangi ya kucha, nyekundu. Wanawake wa ploti waliniona nanunua rangi ya kucha mwezi baada ya mwezi na kucha zangu hazina kitu. Wakaanza kuulizana, Mama Rukia anampaka nani? Habari hiyo niliipata dirishani, nikaichora.

Mnaona jinsi nilivyokuwa. Kila kilichopita mbele yangu kilikuwa mali yangu. Mwenye ploti aliyekohoa mlangoni kabla ya kudai kodi nilimchora, na yeye akanunua nakala mbili. Dada wawili waliogombania kamba ya nguo niliwachora, wakapatana kwa kicheko. Nikajiona nina kipawa cha kuwachora watu bila kuwaudhi. Kwa kweli nilikuwa na bahati tu, na bahati ikikaa nawe muda mrefu unaanza kuiita akili.

Sasa niwaeleze ukurasa wa nane, kwa sababu bila huo hamtaelewa balaa lililonipata. Ukurasa wa nane wa *Dirishani* sikuuchora kamwe. Niliugawanya vyumba sita vitupu, na juu yake nikaandika: SOMA, CHORA, PITISHA. Aliyenunua kijitabu alikisoma, akachora chochote katika chumba kimoja, akaandika mtaa wake bila jina, kisha akampa mwingine. Vyumba sita vikijaa, wa mwisho alikirudisha pale kilikonunuliwa, kwa kinyozi au kwa mama mboga, nami nilipita kukichukua. Nakala iliyorudi imejaa ilinifurahisha kuliko iliyouzwa. Watu ambao hawakuwahi kushika penseli tangu shule walichora mbwa wenye miguu mitano na kuandika mzaha wa kuniua kwa kicheko. Nyinyi mna simu za kuwaonyesha ni watu wangapi wamependa. Sisi tulikuwa na ukurasa wa nane.

Jirani yangu alikuwa Mama Nyambura. Alitoka upande wa Murang'a, mtu wa kanisa, aliuza uji na mandazi asubuhi nje ya ploti. Zamani aliitwa Mama Njuguna, kwa jina la kifungua mimba wake. Njuguna alitoka asubuhi moja akasema anaenda kutafuta kazi ya kibarua, na hakurudi. Alitafutwa hospitali, vituo vya polisi, kijijini, hakuonekana. Ukapita mwaka, na watu wakaanza kumwita mama yake kwa jina la binti yake mdogo, polepole, bila mtu yeyote kusema tufanye hivyo. Hata mimi nilifanya hivyo. Tulidhani tunamsaidia.

Jioni moja niliishiwa unga, nikaenda kubisha kwake. Akanifungulia, akanikaribisha, akaenda pembeni kunipimia unga. Mezani palikuwa na sahani tatu. Mbili zilikuwa zimeliwa, yake na ya Nyambura. Ya tatu, sahani ya bati yenye ukingo wa bluu, ilikuwa imejaa na kufunikwa kwa sahani nyingine, na kijiko kimewekwa juu. Nikamtania, "Eh, leo kuna mgeni?" Akajibu bila kugeuka, "Ndiyo, ni ya mgeni." Nikachukua unga wangu, nikashukuru, nikaenda kupika.

Nitasema ukweli, maana uzee unanipa ruhusa. Nilijua ni ya nani. Sikuhitaji kuambiwa. Lakini kabla sijafika mlangoni kwangu utani ulikuwa umeshakuja kichwani, mzima, na vichekesho vyake vyote, nami nilikuwa na ukurasa wa saba mtupu na Alhamisi, siku ya kuchapa, ilikuwa kesho. Nilichojua nikakisukuma kando.

Nikamchora Bi Chausiku. Mnene, mrefu, mwenye shungi, tofauti kabisa na Mama Nyambura aliyekuwa mwembamba na kitambaa chake cha kichwa. Nikampa mtaa mwingine. Bi Chausiku kila jioni anaweka sahani ya mgeni, anaifunika, anangoja. Nzi wanapanga foleni. Paka anavaa tai ili adhaniwe yeye ndiye mgeni. Kwenye picha ya mwisho anaingia mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi, anakaa, anafunua sahani, anasema, "Asante, nilijua unaningoja mimi." Mzee Kamau alipousoma hakucheka hata kidogo. Nikajua nimeua.

Tulichapa nakala arobaini, zikaenda kama mandazi ya moto. Ndani ya wiki moja hata watoto wa ploti walikuwa wakiulizana, "Mgeni amefika?" Wanawake bombani wakaanza kubahatisha Bi Chausiku ni nani. Mmoja akasema ni fulani wa Ziwani, mwingine akasema ni shangazi yangu. Hakuna aliyemtaja Mama Nyambura. Nilisimama pale na ndoo yangu nikiwasikiliza, na nilijisikia raha.

Siku moja Mama Nyambura alikuja kwangu baada ya kuuza uji, na kijitabu amekikunja ndani ya aproni. Hakukaa. Akakifungua ukurasa wa saba, akaniwekea juu ya meza.

"Mama Rukia, hii sahani uliona wapi?"

Nikaanza kucheka, kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Nikamwambia, "Dada, huyu si wewe! Mtazame. Mnene, ana shungi, ni wa mtaa mwingine. Hakuna mtu anajua. Nimembadilisha sura kabisa."

"Mimi sikukuja kuuliza sura," akasema. "Hii sahani najua mimi, anajua Nyambura. Na wewe, kwa sababu nilikufungulia mlango."

Akaendelea kwa sauti ya chini, kwa sababu kuta zetu zilikuwa za udongo na majirani wako pale pale.

"Wakijua ni mimi watakuja kunipa pole. Mimi sitaki pole. Pole ni ya mtu amekufa. Watakaa kwa hiyo meza wataniambia, Mama Nyambura, acha sasa, tuombe, uache. Saa hii hakuna mtu ananiambia niache, kwa sababu hakuna mtu anajua. Unaelewa? Rudisha zote. Mahali ulipeleka, uende urudishe."

Akatoka. Nilibaki nimesimama, na aibu niliyoisikia siwezi kuipima. Mpaka leo nikiikumbuka mikono inatafuta kitu cha kushika. Watu wote waliotazama ukurasa ule hawakumtambua, na ni yeye peke yake aliyejitambua. Mimi nilidhani huo ndio usalama. Kumbe yeye alikuwa amesoma kwamba mtu aliyemkaribisha ndani ametoka na kitu.

Nilikwenda kwa Mzee Kamau. Nilimweleza kila kitu, na yeye akageuka akatazama ukuta. "Mimi ningejua singepiga chapa," akasema. Stensili zilizotumika tulikuwa tunazitundika kwenye msumari ili tukitaka kuchapa tena tuchape. Akaishusha ile ya toleo lile, akaichana vipande virefu virefu, akaviweka kwenye debe la takataka, akaniambia, "Hapa imeisha. Huko nje ni miguu yako."

Basi nikatembea. Siku tisa niliacha mabango. Nilimfunga Rukia mgongoni na kupita kwa kila kinyozi, kila mama mboga, kila fundi wa viatu aliyekuwa na nakala zangu. Kila mmoja aliniambia jambo lilelile: kimeshapita. Mimi ndiye niliyeandika PITISHA, na watu walikuwa wametii! Kinyozi wa Shauri Moyo alimpa mteja wa Kaloleni, wa Kaloleni alimpa shemeji yake wa mtaa wa Bahati, shemeji alimpa mshonaji wa Ziwani. Nikifika nyumbani kwa mtu nilikuwa nasema toleo limekosewa, nalibadilisha na lingine, nikampa la mwezi uliotangulia. Wengine walikataa kwa sababu walikuwa hawajachora chumba chao. Nilikaa kwenye vigoda vya watu wengi nikingoja wamalize kuchora.

Na katika kungoja huko nilisoma kurasa za nane. Mwanzoni nilizisoma kwa woga, nikitafuta jina. Halikuwapo. Wengi walikuwa wameendeleza mzaha: mgeni amekuja na familia nzima, paka amepewa kadi ya mwaliko, mwenye nyumba ameomba chumvi. Lakini kwenye nakala niliyoipata Bahati, katika chumba cha nne, mtu alichora kikombe. Kikombe tu, kwenye rafu, mpini umekatika. Chini yake ameandika, "Kwetu ni kikombe." Niliisoma nikasimama katikati ya njia, mwenye mkokoteni akanipigia kelele. Na Kaloleni, siku mbili baadaye, mwingine alichora kitanda kilichotandikwa na maneno, "Kwetu ni kitanda. Hatulali hapo."

Nilipata nakala thelathini na saba. Tatu sikuzipata, na sijazipata mpaka leo.

Nilimpelekea Mama Nyambura zote mchana, Nyambura akiwa shule. Jiko lilikuwa limewashwa tayari, alikuwa ananingoja. Nikamwambia tatu zimenishinda. Akaitikia kwa kichwa. Akachukua ya kwanza, na kabla ya kuitia motoni akaifungua nyuma, akatazama ukurasa wa nane, akaitia. Ya pili vilevile. Sikuelewa kwa nini anazitazama, nadhani alikuwa anatafuta kama kuna aliyemtaja, kama nilivyotafuta mimi. Zikaenda hivyo, moja moja, moshi ukatujaa machoni. Akafika kwenye ile ya kikombe. Akasita.

"Huyu ni nani?"

"Sijui. Hawaandiki majina. Ni mtu wa Bahati."

Akaiweka pajani. Akaendelea na nyingine mpaka akafika kwenye kitanda. Hiyo nayo akaiweka pajani. Zilizobaki akazichoma zote, na alipomaliza akazikunja zile mbili, akazitia ndani ya Biblia yake iliyokuwa juu ya kabati. "Hizi ni zangu," akasema.

Nikajikaza nikamwambia, "Mama Njuguna, nisamehe." Jina hilo sikuwa nimelitamka zaidi ya mwaka. Lilimgonga, nilimwona. Akakoroga majivu kwa kijiti kwa muda.

"Nimekusikia," akasema.

Hakusema nimekusamehe. Nilingoja neno hilo, halikuja, nikaondoka. Nawaambia hivyo kwa sababu mtataka niwaambie kwamba kile kikombe na kile kitanda vilitengeneza mambo. Vilimpa yeye kitu, na nilifurahi, nilifurahi sana kwamba amejua hayuko peke yake. Lakini kile kilikuwa kazi ya watu wa Bahati na Kaloleni. Yangu ilikuwa ukurasa wa saba.

Tuliendelea kuwa majirani kwa miaka. Alinisalimia vizuri, nilinunua uji kwake kila asubuhi, Rukia alipougua surua yeye ndiye aliyekesha naye. Sikuacha kuchora, ila tangu hapo kila niliyemchora nilimpelekea kwanza mchoro nikiwa na stensili mkononi, bado mbichi, ili akikataa niupake wote rangi ya kucha. Wengi walikubali. Waliokataa walinipotezea kurasa nzuri sana, na mojawapo bado inaniuma.

Na nilipoishiwa unga au chumvi, bado nilikwenda kwa Mama Njuguna. Nilibisha, nikasema hodi. Hakufungua papo hapo tena. Kwanza nilisikia bati likigusa bati, na mlango wa kabati ukifungwa. Ndipo aliposema karibu. Mezani palikuwa na sahani mbili, safi kabisa. Miaka yote tuliyokaa pale, sikuiona tena ile ya tatu.

Kevo, hilo ndilo jibu langu. Umesema hakuna mtu atajua. Yeye atajua. Aliwafungulia mlango mvua ikinyesha, mkakaa, mkaona mlichokiona. Chukueni ukurasa wa tatu mkampelekee mkononi, kabla ya Jumamosi, nyinyi wawili, msitume mtu. Mwacheni ausome mpaka mwisho. Akisema hapana, ni hapana, msimbembeleze na msimwambie mmeuchora vizuri, hata kama ni kweli. Na kama mnaona hamwezi kusimama mbele yake mkiwa na karatasi hiyo, basi jibu mnalijua tayari. Nimeiweka kwenye bahasha ya kaki, Rukia atawaletea kesho akienda kazini.

Mtaniuliza, na mimi je, mbona nimeandika sahani ya watu? Mama Njuguna alishatangulia mbele ya haki. Nyambura yupo, ana watoto wakubwa, anakaa Umoja. Jana nilimwomba Rukia ampigie simu, amsomee haya yote kuanzia juu, pamoja na majina, nami nikakaa kando nikisikiliza. Nilimwambia akikataa tunafuta.

Rukia alipomaliza, Nyambura akasema, "Andikeni, auntie. Mwandike na jina lake, Njuguna. Lakini haikuwa ya bluu. Ni ya kijani."

Nikamwambia naikumbuka vizuri, ukingo ulikuwa wa bluu, mimi ni mchoraji.

"Auntie, ni ya kijani. Iko hapa mezani, naiangalia."

Rukia alitaka kurudi juu arekebishe. Nimemkataza. Nimeiacha ya bluu kama nilivyoisema, mwone jinsi nilivyoitazama.